Hatua Hamsini

Daktari wa chumba cha maiti hakuwa mtu wa salamu ndefu. Alifunua shuka upande mmoja tu, kuanzia kiunoni kwenda chini, akamwachia Bi Futi ajionee mwenyewe.

"Mguu wa kulia," alisema. "Chuma cha pedali kilichovunjika kimeingia hapa juu ya goti, kikakata mshipa mkubwa. Kichwa kizima, kifua kizima, tumbo zima. Amekufa kwa kuvuja damu, basi."

Bi Futi alikuwa mpelelezi wa ajali za barabarani zilizoua. Jina la Futi alipewa na wenzake kituoni kwa sababu ya futi ya fundi cherehani aliyoibeba kwenye mkoba kwa mwaka wa kumi na nne sasa, na kwa tabia yake ya kupima vitu ambavyo wengine wamekwisha kuvipima. Wapo waliomwita hivyo kwa heshima na wapo waliomwita kwa kejeli. Yeye aliwaitikia wote.

"Alikufa papo hapo?" aliuliza.

"Nani kasema?"

"Dereva aliyemgonga. Ameandika hivi: nilipomfikia alikuwa amekwisha kukata roho."

Daktari aliguna. "Jeraha hili halimalizi mtu papo hapo. Lakini hilo si swali lenyewe. Njoo upande huu wa taa."

Alitumia ncha ya kalamu kumwonyesha. Vidole vinne juu ya jeraha palikuwa na alama ya zambarau, pana kama kidole gumba, iliyozunguka paja lote kama pindo la soksi.

"Kamba?"

"Kitambaa. Kamba ingechubua ngozi. Mtu amekifunga, kisha akakaza kwelikweli, na si kwa mikono mitupu. Unaona hapa nje damu ilivyovilia kwa mstari ulionyooka? Amepitisha kitu kigumu kwenye fundo, akakinyonga kama mtu anayekamua nguo. Aliyefanya hivi kafundishwa akafundishika. Nina wauguzi humu ndani hawawezi."

"Kitambaa chenyewe kiko wapi?"

"Sasa umeuliza. Hakikuja naye."

Bi Futi aliinama, akaipima alama ile kuizunguka, akaandika. Alipima tena. "Na kama kingebaki?"

"Angekaa saa nzima, pengine mbili. Kutoka pale alipoangukia mpaka hapa ni mwendo wa robo saa. Mguu huenda angeupoteza." Daktari alirudisha shuka. "Ila angekuwa ghorofa ya juu sasa hivi, analalamikia chakula cha hospitali."

Nje, kwenye benchi la ukumbini, mke wa marehemu alikuwa amekaa na mfuko wa nguo mapajani. Mumewe alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku kwenye bohari la mbao. Jumapili alfajiri alitoka kazini kwa baiskeli, na hakufika. Leo ilikuwa Jumanne. Bi Futi alimpa pole, akakaa kando yake, akaiacha dakika moja ipite kabla ya kuingia kwenye kazi.

"Mama, mkanda wake umo humo?"

"Umo."

"Alikuwa na tabia ya kubeba taulo, skafu, kitambaa chochote?"

"Hakuwa nacho. Hata jasho alikuwa anafutia mkono wa shati, nikawa namgombeza." Mwanamke yule aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu, yamechoka kulia. "Afande, naomba uniambie kitu kimoja tu. Alisema chochote?"

"Dereva anasema hakusema."

"Huyo hamjui mume wangu. Mume wangu alikuwa anaongea mpaka usingizini. Anaongea na redio. Hawezi kuondoka kimya, haiwezekani."

Bi Futi hakuwa na desturi ya kuahidi. Ahadi za polisi alizijua zinavyoishia. Hata hivyo alijisikia akisema: "Nikilipata neno lake, nitakuletea mwenyewe."

*

Faili la ajali ile lilikuwa safi kuliko mafaili yote kabatini, na hilo ndilo lililomkera tangu mwanzo. Watu waliogonga watu huandika ovyo. Wanasahau rangi ya gari lao wenyewe. Huyu alikuwa ameandika kurasa mbili kwa mwandiko wa kupendeza, kila tendo na mahali pake, kama anayesahihisha mtihani.

"Lakini ndivyo alivyo, afande," koplo alisema. Alikuwa koplo mchapakazi, mwepesi wa kuamini. "Huyu ni Mwalimu wa udereva. Nusu ya madereva wa mji huu wamepita kwake, hata mimi. Ana chati ofisini kwake ukutani, kubwa kama mlango. Ukipata ajali, fanya haya. Hukai kwenye usukani mpaka uiseme yote bila kuangalia."

"Iseme."

Koplo alijinyoosha bila kujijua. "Simama, usikimbie. Zima injini. Washa taa za tahadhari. Weka pembetatu hatua hamsini nyuma ya gari. Msaidie majeruhi. Piga simu. Usisogeze gari. Andika majina ya mashahidi. Usigombane na mtu." Akavuta pumzi. "Na zile hatua unazihesabu kwa sauti. Ukihesabu moyoni anakurudisha mwanzo. Anasema aliyegonga mtu haaminiki hata na akili yake mwenyewe."

Bi Futi alikwisha kufungua ukurasa wa mchoro. Pembetatu ile nyekundu ya kuzuia magari yanayokuja, koplo aliikuta mita thelathini na nusu nyuma ya gari. Yeye naye alikwenda kupima Jumapili mchana, alama za chaki zikiwa bado zinasomeka, akapata hizo hizo. Aligawanya pembeni mwa ukurasa. Kila hatua, sentimita sitini na moja.

"Huyu Mwalimu ana urefu gani?"

"Wanafunzi wanamwita Mnara, afande."

"Mimi unanijua mfupi. Hatua yangu ni sentimita sitini na tatu." Alifunga kalamu. "Vielelezo?"

"Shati la dereva. Nilimkuta na fulana tu, shati kamfunikia marehemu. Kwa kweli aliniingia moyoni."

"Kamfunikia wapi? Usoni?"

"Mguuni."

Shati lilikuwa ndani ya mfuko wa karatasi, damu imekauka likawa gumu kama gunia. Bi Futi alilikunjua juu ya gazeti. Mikono yote miwili ilikuwa imesokotwa, na kwenye mmoja kulikuwa na fundo, fundo bovu la mtu anayeharakisha, ambalo halikukaza kitu.

"Labda alimfunga na hili, likafunguka," koplo alisema. "Au wapita njia waliiba hicho kitambaa anachokisema daktari."

"Waibe kitambaa chenye damu, waache simu mfukoni na baiskeli barabarani?"

Koplo alianza kulirudisha shati kwenye mfuko wake.

"Mlinda geti wa ghala la pale mkabala na ajali alikwambia nini?"

"Hakuona kitu. Ukuta ule mrefu, na geti amekatazwa kuliacha. Alisikia kishindo taarifa ya habari ya saa kumi na mbili inaanza."

"Na simu ya Mwalimu hapa kituoni iliingia saa kumi na mbili na dakika ishirini na sita. Dakika ishirini na sita, koplo, mtu mwenye chati kubwa kama mlango. Alisikia kingine?"

"Kingine ni upuuzi, sikuandika."

"Niambie huo upuuzi."

"Anasema baada ya kishindo alisikia mtu akihesabu. Thelathini na moja, thelathini na mbili. Sauti ya kike. Akadhani ni hawa watu wa mazoezi ya asubuhi." Koplo alisikia maneno yake mwenyewe yakimrudia, na uso ukamshuka. "Afande, mimi ni mjinga."

"Andika sasa," Bi Futi alisema.

*

Mwalimu alifika kituoni saa nne kamili kama alivyoitwa. Alikuwa mrefu hasa, mtu wa kuinama milangoni, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Gari lake la kufundishia lilikuwa limezuiliwa uani kwa ukaguzi, lile lenye pedali za ziada upande wa abiria ili mwalimu naye aweze kufunga breki. Alilitazama kama mtu anavyomtazama ndugu aliyelazwa.

"Siku ile ulikuwa peke yako?" Bi Futi aliuliza.

"Peke yangu, afande. Imo kwenye maelezo."

"Na pembetatu uliiweka mwenyewe?"

"Hatua hamsini. Nimeandika."

"Naomba unihesabie hapa uani. Hatua zako za kawaida."

Kitu kilipita usoni mwake na kutoweka. Alianza kutembea, na kwa mazoea ya miaka yote ile akahesabu kwa sauti, sauti nene ya darasani, mpaka askari wawili wakachungulia dirishani kucheka. Alipofika hamsini alikuwa ameukaribia ukuta wa nyuma. Koplo alipima, akasoma, akasoma tena.

"Mita arobaini na nne."

"Barabarani zilikuwa thelathini na nusu," Bi Futi alisema.

"Nilikuwa nimechanganyikiwa. Mtu akichanganyikiwa hatua zinapungua."

"Zote hamsini?"

"Inawezekana."

"Inawezekana," alikubali, akaenda nyuma ya gari na kufungua buti.

Vifaa vilikuwa vimepangwa kwenye turubai lenye mifuko, kila chombo na mfuko wake: jeki, spana ya magurudumu, koleo, bisibisi tatu. Vumbi la barabara lilikuwa limevipaka vyote rangi moja. Bisibisi kubwa ndiyo iliyokuwa safi, inang'aa kama imetoka dukani jana. Bi Futi aliitoa kwa karatasi, akaigeuza juani. Pale chuma kinapoingia kwenye mpini, ndani ya ule ufa mwembamba ambao hakuna kitambaa kinachoufikia, kulikuwa na mstari wa kahawia.

"Hii umeiosha peke yake," alisema. "Kwa nini?"

Mwalimu alichomoa kalamu moja mfukoni, akairudisha.

"Basi nikueleze mimi, ukiona nimekosea unisahihishe, maana hiyo ndiyo kazi yako. Mtu alimfunga yule mlinzi mguu, akakaza kwa bisibisi hii. Alifunga vizuri, damu ikakoma. Kisha mtu mwingine akakifungua kile kitambaa na kukiondoa. Nimejiuliza tangu asubuhi, nani anafungua kitu kama hicho? Kingekuwa chako ungekiacha, na leo watu wangekuwa wanakusifu. Kilikuwa cha mtu ambaye hukutaka ajulikane kwamba alikuwepo. Mtu mfupi, wa kike, uliyemfundisha kuhesabu kwa sauti."

"Nitaandika upya," Mwalimu alisema haraka. "Nilimfunga mimi, nikamfungua mimi. Kila kitu mimi."

"Kwa kitambaa cha nani?"

Alikaa kwenye ukingo wa buti, magoti yakampanda karibu na kidevu. Mtu mrefu akivunjika anavunjika vipande vingi, na Bi Futi, ambaye hakumpenda tangu kuliona lile shati, alimwonea huruma bila kutaka. Alimwambia kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba lolote atakalosema litaandikwa. Mwalimu alitikisa mkono kana kwamba anafukuza nzi.

"Binti yangu," alisema. "Ametimiza miaka kumi na minane mwezi uliopita. Leseni ya kujifunzia nilikuwa nimchukulie wiki hii. Wanafunzi wa watu wakija bila hiyo karatasi nawarudisha mlangoni. Wangu nikasema, mara moja tu, Jumapili alfajiri, barabara tupu."

"Ndiye aliyekuwa anaendesha."

"Amepata nafasi chuo cha uuguzi. Anaanza mwezi ujao. Mtu aliyegonga mtu bila leseni wangempokea?" Alijipangusa uso. "Nilimwambia arudi nyumbani kwa miguu, apite njia ya nyuma, mimi nitabaki na mgonjwa. Akaondoka. Nikasubiri mpaka nijue amefika ndipo nipige simu. Nikiwa nasubiri nikauona ule mtandio. Ni wa marehemu mke wangu. Aliudarizi kwa mkono wake, hakuna jirani asiyeujua. Nikawaza, ukienda na gari la wagonjwa, mtakuja kuuliza ni wa nani."

"Ukaufungua."

"Nilitaka kubadilisha tu, afande. Naapa. Nitoe ule, nifunge na shati langu. Kitu cha dakika moja. Ile damu..." Alifungua viganja vyake vikubwa na kuvitazama. "Miaka ishirini na miwili nafundisha. Nimeandika mwenyewe pale ukutani, msaidie majeruhi. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza anasaidiwaje. Na mimi sikuwahi kujiuliza."

Wale askari wa dirishani walikwisha kujiondokea.

"Mtandio uko wapi?"

"Ofisini. Kabatini, chini ya ile chati. Niliufua. Ningeutupaje?" Kisha akamshika Bi Futi mkono wa shati, jambo ambalo hakuna mshukiwa aliyewahi kulifanya. "Nitasaini chochote unachotaka. Ila yeye anajua yule mtu alikufa hospitalini. Anajua alifanya kila kitu sawa, ikashindikana. Msimwambie."

*

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, safi, na viti vyote sebuleni vilikuwa virefu isipokuwa kimoja. Ukutani palikuwa na picha ya harusi: bwana amepinda mgongo ili aenee kwenye fremu, bibi amejinyoosha kwa viatu vya visigino virefu, wote wanacheka. Binti alikuwa amemrithi mama yake kila kitu. Alipomfungulia Bi Futi mlango, macho yao yalilingana.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Unanijua mimi ni nani?"

"Nilikuwa nakungoja tangu Jumapili," binti alisema. "Baba kasema hamtakuja. Mimi nilijua mtakuja."

Mwalimu alikuwa ameachwa kwenye gari la polisi nje ya lango na askari mmoja. Koplo aliingia, akakaa kwenye kiti cha pembeni na karatasi zake. Bi Futi aliweka mkoba wake miguuni. Ndani yake, kwenye mfuko wa karatasi uliotiwa muhuri, kulikuwa na mtandio wa rangi ya udongo uliofuliwa na kukunjwa mara nne. Sheria ya kazi yao ilikuwa wazi: kielelezo lazima kitambuliwe na mwenyewe, kwa macho yake, na kisainiwe. Barabara ya kuukwepa mfuko ule haikuwepo. Njia nzima alikuwa ameitafuta.

Alimsomea haki zake polepole. Kisha akamwambia aeleze, na binti akaeleza bila kulia, mikono imebana magoti.

"Nilikata kona ya ghala. Baiskeli ikatoka. Baba akakanyaga breki yake na mimi yangu, lakini tulikwisha kumpata. Nikashuka. Baba akasema pembetatu, pembetatu kwanza. Nikaona ile damu inavyotoka, inaruka. Nikamwambia hapana, mguu kwanza. Sijawahi kumkatalia baba kitu. Nikavua mtandio nikafunga, nikamwomba bisibisi, nikanyonga mpaka ikakoma. Shuleni tulifundishwa huduma ya kwanza, nilikuwa wa kwanza darasani. Halafu ndiyo nikaenda kuweka pembetatu."

"Ukahesabu."

"Hamsini. Kwa sauti. Niliporudi alikuwa anaongea."

Kalamu ya koplo ilisimama.

"Alikuwa anasema nini?" Bi Futi aliuliza.

"Baiskeli. Alisema baiskeli si yake, ni ya shemeji yake, na shemeji atamsema mpaka mwaka uishe. Nikamwambia nitaitengeneza mimi. Akacheka kidogo. Aliniuliza saa. Akaniambia usilie, binti, mguu ni mmoja tu na ninao wa pili. Baba akasema niende, gari la wagonjwa linakuja. Nilimwambia baba, usiuguse mtandio, wataufungua wenyewe hospitali. Nilimwambia mara mbili. Baba kasema walijaribu sana. Naomba nikuulize kitu, mama. Nilifunga vizuri?"

"Ulifunga vizuri," Bi Futi alisema. "Daktari ameniambia wauguzi wake wengine hawawezi."

Binti alifumba macho, akatoa pumzi ndefu aliyoibeba siku tatu. Bi Futi aliitamani dakika ile irefuke. Lakini msichana huyu alikuwa wa kwanza darasani, na macho yalipofumbuka yalikuwa na swali lingine.

"Kama nilifunga vizuri, alikufa kwa nini?"

Bi Futi aliinama, akautoa mfuko, akakata muhuri, akauweka mtandio mezani.

"Huu unautambua?"

"Wa mama." Mkono wake ulienda wenyewe, ukagusa maua yaliyodariziwa pembeni, kisha ukasimama. Aliutazama ulivyokuwa safi. Aliutazama ulivyokunjwa mara nne, kingo kwa kingo, kama baba yake anavyokunja kila kitu. "Mmeutoa hospitali?"

"Hapana."

"Mmeutoa wapi?"

"Kabatini, ofisini kwa baba yako."

Binti hakupiga kelele wala hakuanguka. Alivuta mtandio, akaukunjua, akatafuta pale katikati ambapo kitambaa kilinyongwa na kubaki na mikunjo midogo ambayo pasi haiiondoi. Aliipitishia kidole.

"Andika," alimwambia koplo. "Andika kwamba nilipoondoka alikuwa hai."

Koplo aliandika. Binti alisoma, akasaini, akatambua kielelezo, akasaini na hapo. Kisha akasimama.

"Yuko nje?"

"Yuko kwenye gari. Huwezi kuzungumza naye kuhusu kesi."

"Nina swali moja."

Utaratibu ulikataza. Bi Futi alikuwa mtu wa utaratibu tangu aanze kazi, na alijua wakubwa wake watasema nini. Alimtazama binti, akatazama picha ya harusi, akamwambia koplo achukue karatasi zake awafuate.

Mwalimu alipowaona wakija aliinua kichwa, akauona mtandio mkononi mwa Bi Futi, na akaelewa. Askari alifungua mlango wa gari, naye akabaki ameketi, miguu nje, ili kwa mara moja katika maisha yake macho yake yalingane na ya mwanawe.

"Alikuwa anaongea, baba," binti alisema. "Nilimwacha anaongea. Ulipokuwa unaufungua, alikwambia nini?"

Mwalimu alimtazama Bi Futi kama anayeomba ruhusa ya kutojibu, na haki hiyo alikuwa nayo, alikuwa amesomewa. Lakini aliyeuliza hakuwa polisi.

"Alidhani nalegeza," alisema. "Ulikuwa unamuuma kwa vile umekaza sana. Alidhani nalegeza ili apumzike. Aliniambia asante."

Binti aligeuka, akarudi ndani, akafunga mlango bila kuubamiza.

Koplo alikuwa amesimama na kalamu hewani, hajui kama neno lile nalo linaingia kwenye faili. Bi Futi alimwambia aliandike, na aandike na saa. Halafu akautafuta mkoba wake, kwa sababu benchi la hospitali halikuwa mbali, na kuna mtu pale alikuwa analingoja neno hilo la mumewe.